Hati zinanuka ukungu, picha imegandia kioo, flashi haisomi: uanzie wapi?

Kadi ya TANU ya marehemu baba niliiua mimi mwenyewe. Haikuliwa na mchwa wala haikusombwa na mafuriko. Niliipeleka steshenari, nikalipa ipigwe lamineshen, nikarudi nyumbani nimetulia kwamba sasa imepona. Baada ya masika kadhaa maji yakapenya pembeni, pale plastiki ilipoanza kuachia, yakaingia na kukosa pa kutokea. Jina lake, lililoandikwa kwa mkono, likasambaa likawa doa la zambarau. Na wakati huo nilikuwa mtu wa masjala, mshahara wangu ulitokana na kutunza majalada.

Tangu siku hiyo, mtu akiniletea hati iliyoharibika, swali langu la kwanza ni: "Ulipoona tatizo, ulifanya nini?" Majibu yanafanana. Aliianika juani. Aliipiga pasi. Aliitia nafthalini. Aliifunga kwenye mfuko wa nailoni akakaza fundo. Hewa ya Dar ni nzito na ya chumvi, sikatai, lakini pigo la kumalizia mara nyingi tunalipiga wenyewe kwa nia njema. Kwa hiyo katika kila dalili hapa chini nitaanza na lile la kuacha, kisha la kufanya.

Na mtu asikuambie kwamba Dar karatasi hazidumu. Nyaraka za Taifa, pale Upanga, wanatunza majalada ya serikali ya Wajerumani, walioondoka mji huu mwaka 1916. Ni karatasi za zaidi ya miaka mia moja na bado zinasomwa.

Zimelowa, tena leo hii

Usizianike juani, usizipige pasi, usizitenganishe kwa nguvu. Karatasi iliyolowa ina nguvu ya chapati iliyozama kwenye mchuzi.

Kwa joto letu, ukungu huanza kuota ndani ya siku moja hadi mbili. Waliopitia mafuriko ya Desemba 2011 kwenye bonde la Msimbazi hawahitaji kuelezwa. Mama mmoja wa Kigogo aliwahi kuniletea beseni lenye ofa ya kiwanja, vyeti vya watoto na albamu, vyote vikiwa na tope.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umezianika?"

"Hapana. Nimeogopa zitachanika, nimezibeba zilivyo."

Alikuwa amefanya la maana kuliko wote walionitangulia kufika na magamba yaliyokauka juani.

Vaa glavu kwanza, kwani maji ya mafuriko yamepita vyooni. Kama tope ni jingi, jaribu wino: bonyeza tishu nyeupe yenye unyevu kwenye pembe ya maandishi. Tishu ikichukua rangi, usioshe, acha tope likauke ulipanguse baadaye kwa brashi laini. Isipochukua, laza karatasi juu ya kipande cha wavu wa dirishani, izamishe kwenye beseni la maji safi ya baridi, inyanyue pamoja na wavu wake. Mihuri ya ofisi, hasa ya zambarau na bluu, ndiyo inayokimbia haraka, kwa hiyo ijaribu peke yake.

Kisha tandaza kivulini, ndani ya chumba chenye upepo. Chini weka karatasi nyeupe tupu na uzibadilishe kila zinapolowa. Gazeti lenye maandishi halifai, wino wake utahamia kwenye cheti chako. Pangaboi liwake, ila karatasi zisiwe chini yake moja kwa moja, zitapeperuka na kukunjamana.

Kama ni nyingi na huwezi kuzikausha zote ndani ya siku mbili, tafuta friza. Zifunge vifungu vidogo vidogo, kila kifungu ndani ya mfuko wake, uzigandishe. Barafu haikaushi, lakini inasimamisha ukungu, nawe unapata muda wa kutoa kifungu kimoja kimoja. Jirani anayeuza lambalamba anaweza kuwa mtu muhimu kuliko mhifadhi yeyote wiki hiyo. Mwombe kona moja, na mfuko wa pili wa nje uwe safi, ni biashara ya chakula ile.

Picha zilizosafishwa studio, zile za zamani, zina utando wa jelatini upande wa mbele. Zikikaukia pamoja zimegandana milele. Zitenganishe zikiwa bado zimelowa, ziweke kwenye maji safi ya baridi kama hujawa tayari (lakini zisipitishe siku mbili humo), kisha zilaze uso juu. Picha zilizochapishwa kwa printa ya wino usizizamishe kabisa, utabaki na karatasi nyeupe na maji ya rangi.

Zinanuka, zina madoa ya kijani, meusi au unga mweupe

Usifute kwa kitambaa chenye maji. Usitumie jiki. Ukungu mbichi ukiufuta unaupaka ndani ya nyuzi za karatasi, na jiki inakula wino na karatasi yenyewe.

Toa kilichoathirika, kitenge na vingine, kikaushe kivulini mpaka ukungu ubadilike kutoka utando wenye ute na kuwa unga mkavu. Hapo ndipo unapotoka nje na barakoa usoni, ukasimama upepo ukitokea mgongoni, ukaupangusa kwa brashi laini ya rangi ukielekea nje ya karatasi. Doa litabaki. Liache. Doa halili karatasi, kiumbe aliyeliacha ndiye aliyekuwa anakula, naye sasa amekauka. Mwenye pumu amwachie mtu mwingine kazi hii.

Kupangusa ni nusu ya kazi. Usipojua unyevu umetoka wapi, masika ijayo tutaonana tena. Na hapa ndipo nawaomba watu waache kulaumu "hali ya hewa" kwa ujumla, wasome kabati lao.

Zimeharibika zilizo nyuma tu, za mbele nzima? Ukuta ndio mkosaji. Thibitisha: chukua kipande cha nailoni angavu, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, ukiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa ukutani, ukuta unatoa maji: labda bomba, labda choo cha upande wa pili, labda plasta ya nje imepasuka na mvua inaingia. Matone yakiwa upande wa chumbani, ukuta hauna kosa, hewa ya chumba ndiyo yenye maji. Huu ni mtihani wa bure na umeniokolea mabishano mengi na wapangaji.

Zimeharibika za chini tu? Sakafu. Saruji isiyowekewa nailoni wakati wa ujenzi hunyonya maji kutoka ardhini kama utambi. Inua kabati au sanduku juu ya matofali, kiasi cha kuingiza mkono chini yake, na lisogeze kutoka ukutani upana wa kiganja. Tranka la shule la bati, lile tuliloenda nalo bweni, ni zuri dhidi ya panya, lakini likigusa sakafu baridi hutoa jasho kwa ndani na kutu yake huandika juu ya hati.

Zimeharibika zote sawasawa? Ama hewa nzima ni nzito, ama ulizifungia zikiwa na unyevu. Ukungu hupata nguvu unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 hadi 70 na kukaa hapo, na asubuhi ya masika hapa kwetu huivuka hiyo bila jasho. Lakini mchana joto likipanda, asilimia hiyo hushuka. Kwa hiyo, siku isiyo na mvua, kabati lifunguliwe saa nane hadi saa kumi mchana, lifungwe kabla jioni haijaingia. Wengi hufanya kinyume: wanafungua alfajiri "lipate hewa", saa ambayo hewa imelowa kuliko saa zote.

Kipupwe, kati ya Juni na Septemba, ndio msimu wa kupanga upya kila kitu. Zipange hati mchana mkavu ndani ya chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, cha aina ya kuhifadhia chakula, pamoja na silika jeli. Vile vipakiti vya kwenye maboksi ya viatu mara nyingi vimeshashiba unyevu kabla hujavipata. Nunua chembe zinazobadilika rangi, zitie kwenye kifuko cha kitambaa, na rangi ikigeuka zirudishe kwenye moto mdogo ndani ya sufuria kavu mpaka rangi ya awali irudi. Mchele usitumie, unaita wadudu.

Chumba chenye kiyoyozi kinachowashwa usiku na kuzimwa asubuhi ni mtego. Vitu vinapoa, kisha hewa ya moto yenye unyevu inaingia na kuacha umande juu yake. Afadhali chumba chenye joto lile lile mchana na usiku kuliko kinachopanda na kushuka.

Karatasi imegandana na plastiki

Usivute. Skani kwanza, juu ya plastiki hiyo hiyo.

Yale mafaili laini yenye harufu kama ya kiti cha gari jipya ni PVC. Kilainishi chake hutoka polepole, kikavuta wino wa fotokopi, ndiyo maana ukifungua unakuta maandishi yamebaki kwenye plastiki na karatasi ni nyeupe. Ukishapata nakala, kata plastiki pande tatu, inyanyue taratibu upande mmoja, na pale inapokataa simama. Unapoenda kununua mpya, tazama alama ya pembetatu: 5 ni polipropilini, inafaa. 3 ni PVC, iache dukani. Isipokuwa na alama, inuse.

Kuhusu lamineshen: ile gundi huyeyushwa kwa joto na kuingia ndani ya karatasi, kwa hiyo hakuna kuirudisha. Muhuri wa kubonyeza, ule unaousikia kwa kidole, unalala. Kama cheti chako kimeshalaminiwa usijaribu kukibandua, wala usikate kingo zake, kwani hizo ndizo zinazozuia maji. Kilaze ndani ya faili, mbali na jua, uwe na nakala. Ambacho hakijalaminiwa, kiache hivyo. Lamini fotokopi.

Matundu, kingo zilizotafunwa, njia za udongo

Usimwage mafuta ya taa wala dawa ya kupuliza juu ya hati. Nafthalini nayo iondoe: mvuke wake si mzuri kwa mapafu ya mtu anayelala chumba hicho, na plastiki za albamu hulainika zikikaa nao.

Anayekula ndiye anayekuonyesha dawa. Njia za udongo ni mchwa, na mchwa ni tatizo la nyumba, si la karatasi: hamisha vyote leo, kisha ita fundi wa dawa ashughulikie msingi. Vipunje vyeusi na kingo zilizomung'unywa ni mende. Uso wa karatasi uliokwanguliwa kama umesuguliwa ni yule mdudu mdogo wa rangi ya fedha anayeteleza kama samaki. Huyu ni mtoto wa unyevu: kausha chumba, anaondoka. Matundu ya duara yanayopita kurasa nyingi kama yametobolewa kwa sindano ni viwavi vya mbawakawa.

Kwa viwavi, friza tena. Weka kitabu kikavu ndani ya mfuko, toa hewa, funga, acha majuma mawili kwenye friza inayogandisha kweli. Ukikitoa usifungue mfuko mpaka siku ya pili, la sivyo umande utatua juu ya kitabu badala ya nje ya mfuko.

Risiti imefutika

Haikufutika, ilipikwa. Risiti za mashine ya EFD (ile ya kodi, ya madukani), na zile za benki, hazina wino. Ni karatasi yenye kemikali inayogeuka nyeusi kwa joto, na rangi hiyo hiyo hukimbia ikikaa na plastiki, mafuta ya mikono, vitakasa mikono au jua la dashibodi. Ukiipiga pasi inageuka nyeusi yote.

Itoe fotokopi siku ile ile, zibanwe pamoja ndani ya bahasha ya karatasi. Andika kwa penseli pembeni mwa nakala ule msimbo wa uhakiki uliochapwa chini. Iliyokwisha kupauka, iskani kwa rangi, si nyeusi na nyeupe, kisha ongeza giza na utofauti kwenye programu ya picha. Mara nyingine maandishi hurudi, hasa ukitazama chaneli ya bluu peke yake (programu huigawa picha katika rangi tatu, nyekundu, kijani na bluu, na kila moja ni chaneli). Mara nyingine hayarudi.

Picha imegandia kioo cha fremu

Kila nyumba ya Kiswahili ina hii moja: harusi ya babu na bibi, sebuleni, miaka hamsini ukutani. Usiing'oe. Uso wa jelatini ulilainika kwa unyevu, ukashikana na kioo, na ukivuta, nyuso ndizo zitakazobaki kwenye kioo.

Safisha kioo kwa nje, toa mbao za fremu, kisha skani au piga picha kupitia kioo hicho hicho. Kwa simu: dirisha likiwa ubavuni, taa za ndani zimezimwa, flashi ya simu imezimwa, na wewe umevaa nguo nyeusi usijione kwenye kioo. Ukishapata nakala nzuri, chapisha hiyo uitundike. Asili ilale kwenye droo pamoja na kioo chake.

Nakala mpya usiilaze kwenye kioo. Kata dirisha la kadibodi nene katikati ya picha na kioo, pawe na nafasi. Nyuma ya fremu gundisha vipande viwili vya kizibo ili hewa ipite kati yake na ukuta.

Albamu zile za kurasa zenye gundi, na karatasi ya nailoni ya kufunika, ni jamaa wa tatizo hili. Skani ukurasa mzima kwanza. Kisha pitisha uzi wa kusafishia meno nyuma ya picha, ukisugua kama msumeno, polepole. Ikikataa, iache. Una nakala.

Picha za rangi zimekuwa nyekundu, za zamani zaidi zina mng'ao wa fedha

Wekundu: katika picha nyingi za rangi za miaka ya 1970, rangi ya samawati ndiyo iliyokufa kwanza, hata gizani, kwa sababu ya joto. Picha yenyewe hairudi, lakini nakala ya skana hurekebishika vizuri ajabu. Mng'ao wa fedha pembeni mwa picha nyeusi na nyeupe ni fedha halisi iliyopanda juu. Usiisugue.

Negativu zinanuka siki

Hii watu hawaijui, nayo ndiyo ya haraka kuliko zote baada ya maji. Filamu za asetati zikianza kuoza hutoa tindikali ya siki, na tindikali hiyo huharakisha uozo, hata kwa negativu za jirani. Zitenge leo. Zitoe kwenye kopo lililobana, ziweke kwenye bahasha za karatasi penye hewa, na uziskani kabla hazijaanza kujikunja, kwa nukta 2400 kwa inchi au zaidi. Baridi hupunguza kasi. Hakuna kinachoizuia kabisa.

Kanda ya harusi ina unga mweupe

Usiitie kwenye deki. Huo ni ukungu. Utahamia kwenye vichwa vya deki, na kila kanda utakayoingiza baadaye italipa. Itazame kupitia kidirisha kwenye mwanga kabla ya jambo lolote. Yenye unga mpelekee fundi anayeisafisha nje ya deki. Iliyo safi ipeleke mbele mpaka mwisho, irudishe mwanzo, ndipo uinakili. Kile kijino cha plastiki mgongoni kivunje, ili mtu asirekodi mechi ya Simba na Yanga juu ya send-off ya shangazi. Limetokea.

Fanya hivyo mwaka huu. Kampuni ya mwisho kutengeneza deki za VHS, Funai ya Japani, iliacha Julai 2016, na mafundi wetu wanatoa vipuri kwenye maiti za deki nyingine.

Flashi inaonyesha shotikati tu, faili hazipo

Usifomati, hata kompyuta ikikuomba. Usibofye hizo shotikati. Ni virusi wa kompyuta za kuchapishia, wale wanaohama na flashi kutoka steshenari hadi steshenari. Mara nyingi faili zako zipo zote, zimefichwa tu. Pitisha programu ya kuua virusi kwanza. Kisha, kwenye Windows, fungua dirisha la amri (Command Prompt), na kama flashi yako ni herufi E, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Subiri. Folda zitarudi. Nakili faili zako mahali safi, ndipo ufomati flashi. Na ukienda kuchapisha, tuma PDF kwa barua pepe au beba flashi ya kazi hiyo tu. Flashi yenye picha za familia haiendi steshenari.

Flashi mpya inayopokea picha nyingi kisha nusu yake hazifunguki, huenda ni ya ukubwa wa uongo: imeandikwa GB 128, ndani ina 8. Ijaribu kwa programu ya bure ya H2testw siku ya kuinunua, kabla muuzaji hajakusahau sura.

Na hata iliyo halali si ghala. Flashi hushika chaji ya umeme, na chaji huvuja ikikaa droo miaka bila kuchomekwa. Ni daladala, si nyumba.

Diski ngumu (hard disk) inagonga, au haionekani baada ya umeme kukatika

Ikigonga, ichomoe. Kila sekunde inayozunguka ikigonga, kichwa chake kinaweza kuwa kinakwangua data zako. Usiitie kwenye friza. Hiyo ni hadithi ya mtandaoni, na kwa unyevu wetu utaitia maji ndani. Kama kilichomo hakina nakala kwingine, ni kazi ya mtaalamu mwenye vifaa, si ya fundi simu.

Isipoonekana lakini haigongi, badilisha waya kwanza, kisha tundu, kisha kompyuta. Nimeona watu wakilia kwa ajili ya waya mbovu. Ukifuta kitu kwa bahati mbaya, acha kuandika chochote kwenye diski hiyo papo hapo, na tumia PhotoRec, ambayo ni ya bure, ukihifadhi kinachopatikana kwenye diski nyingine. Kuhifadhi humo humo ni kuchimba kaburi juu ya kaburi.

Nakala ipo, lakini haisomeki

Binti yako Mwanza kapiga picha ya hati miliki, katuma WhatsApp, simu ya kwanza imeibiwa, na sasa namba ya hati ni ukungu wa nukta. WhatsApp hubana picha. Itume kama faili la waraka, si kama picha, hapo itafika nzima. Hati iskaniwe nukta 300 kwa inchi, picha 600. Faili la zamani lililoandikwa kwa programu iliyokufa, jaribu LibreOffice, inafungua mengi ambayo Word ya leo inayakataa. Kisha hifadhi nakala ya PDF.

Jina la faili lianze na mwaka, mwezi, siku: 1978-08-12-harusi-bibi-Tandika. "IMG_4471" haitamwambia kitu mjukuu. Nakala ziwe tatu: moja kwenye diski ngumu, moja kwenye akaunti ya mtandaoni, moja kwa ndugu wa mji mwingine. Mali bila daftari hupotea bila habari, wahenga hawakusema daftari lenyewe likipotea je.

Barua za mababu zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu usizitupe kwa kuwa hakuna anayezisoma nyumbani. Nyingi ni Kiswahili kitupu: madeni, mirathi, salamu za ndoa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana mkusanyo wa miswada ya namna hiyo, kwa hiyo wanaojua kuzisoma wapo.

Haisomeki kabisa

Usitupe mabaki. Kipande chenye namba, tarehe au muhuri ndicho kitakachomwongoza karani kwenye daftari lake: cheti cha kuzaliwa kina kumbukumbu RITA, wakala wa usajili, hati miliki ina nakala kwa Msajili wa Hati. Ukienda na namba, karani anatafuta jalada. Ukienda mikono mitupu, anatafuta sindano kwenye ghala la majani. Kiweke kipande hicho kwenye bahasha, usikigundishe kwa selotepu, gundi yake itageuka ya manjano na kukila.

Kadi ya baba ninayo bado. Mwaka jana niliiskani kwa rangi, nikaanza kucheza na chaneli moja moja kwenye kompyuta. Katika ile ya kijani, zambarau yote ilijikusanya pamoja ikawa giza. Katika ya bluu, doa likapauka, na chini yake zikatoka tarakimu nne za namba ya uanachama. Jina halijatoka. Naendelea kujaribu jioni, pangaboi likiwa limezimwa.